Kazi Moja Iliyobaki

Dada yangu alipewa hadi saa nane mchana aeleze kwa maandishi kwa nini hakusikia kengele ya kitanda namba tisa. Maelezo yasiporidhisha, leseni yake ya uuguzi inachukuliwa. Mimi nilikuwa ghorofa ya chini ya hospitali hiyohiyo, mbele ya skrini, na maelezo yaliyotakiwa nilikuwa nayo mimi.

Mambo yalianza jana yake asubuhi. Chumba chetu cha seva hakina dirisha. Kina makabati manne ya chuma, feni zisizonyamaza na viti viwili, changu na cha fundi mwenzangu, mtu mzima tuliyemwita Kobe kwa sababu hakuwahi kufanya jambo kwa haraka. Tulipata taarifa kwamba kiini cha mfumo wa seva ya wodi, ile programu ya chini kabisa inayobeba nyingine zote, kina tundu, na wahalifu wa mtandaoni wameshaanza kulipenya. Kiraka, yaani programu ndogo ya kuliziba, kilikuwa tayari. Lakini seva ile ndiyo iliyopokea mapigo ya moyo na pumzi kutoka vitandani na kupiga kengele kwenye meza ya wauguzi. Vifaa vya vitandani vyenyewe vilizimwa sauti ili wagonjwa wapumzike. Kwa hiyo kiraka kingebandikwa seva ikiwa inafanya kazi.

Hilo linawezekana, na jengo zima hakuna aliyelijua kama mimi. Unaweka maagizo mapya pembeni, kisha kila kazi ya mashine inayopita unaielekeza huko. Ila kazi iliyokwisha kuingia kwenye maagizo ya zamani unaiacha imalize, itoke yenyewe. Ukiihamisha ikiwa bado ndani, inazinduka katika nyumba iliyobadilishwa kufuli huku mkononi ina ufunguo wa zamani.

"Zimebaki ngapi?" Kobe aliuliza.

"Moja. Kati ya mia nne na kumi na mbili."

"Basi tunaisubiri."

"Tumeisubiri dakika arobaini, mzee. Imelala fofofo. Niipelekee na mto?"

Alicheka kidogo. "Iache. Hatujui imeshika nini humo ndani. Mimi napanda kumwomba sista mkuu nusu saa. Aweke muuguzi kwenye kila kitanda, sisi tuzime, tuwashe, tumalize kistaarabu. Usiguse kitu mpaka nirudi."

"Ukifika utupigie simu tujue umefika salama."

"Mdomo huo," alisema akiufunga mlango, "una mbio kuliko kichwa."

Ipo amri ya kulazimisha. Unaiandika, na kazi iliyobaki inahesabiwa kuwa imehama, itake isitake. Waliotengeneza mfumo wameonya waziwazi juu yake. Nilikuwa na miaka ishirini na sita. Kila nilichokijua nilikipata mwenyewe, kwenye kompyuta yenye kioo kilichopasuka, na neno "subiri" lilinichoma kama tusi. Saa nne na dakika kumi na saba niliiandika. Skrini ikajibu kwamba kiraka kimekamilika. Kila taa ilikuwa ya kijani.

Kobe alirudi anahema. "Wamekubali. Wauguzi wameshasimama vitandani, wanatusubiri sisi."

"Hakuna haja. Imetoka."

"Imetoka yenyewe?"

"Yenyewe."

Akanipigapiga begani kwa furaha, akapanda tena ngazi kuwaambia wauguzi warudi kwenye kazi zao.

Ile kazi iliyolala ndiyo iliyobeba taarifa za kitanda cha saba hadi cha kumi na mbili. Ilipozinduka ilisimama kungoja ruhusa ambayo hakuna aliyebaki wa kuitoa. Kwenye meza ya wauguzi namba ziliganda palepale, nzuri, za kutia moyo. Kwenye kitanda cha tisa alilala mwalimu mstaafu mwenye mapafu mabovu. Pumzi zilianza kumwishia kabla ya saa tano. Dada yangu alikuwa kitanda cha nne akifunga kidonda, amegeuza mgongo, sikio ameliachia kengele; alipogeuka, mwalimu alikuwa ameshakata roho.

Jioni nilimkuta jikoni na sare yake ya kazi, amekaa kwenye ndoo iliyofudikizwa.

"Nilikuwa hatua kumi tu, mdogo wangu. Hatua kumi! Hebu simama nyuma yangu, useme kitu kwa sauti ndogo."

"Dada, acha."

"Sema!"

Nikasimama nyuma yake. Nikanong'ona, "Pole."

"Umesema pole." Mabega yake yakashuka. "Basi masikio yangu mazima. Kwa hiyo ililia, nikaisikia, nikaipuuza."

Hapo ndipo ningesema. Nilimchemshia maji ya kuoga.

Kesho yake, saa saba na nusu mchana, mkuu wa kitengo alipiga simu: seva imeganda, tuizime na kuiwasha. Kumbukumbu za kiini kwenye mashine ile hukaa kwa muda tu. Ukizima zinafutika, na ule mstari wa saa nne na dakika kumi na saba ungefutika nazo. Nikaupeleka mkono kwenye kibodi. Kobe hakunizuia.

"Nimeusoma," alisema.

"Tangu lini?"

"Tangu jana jioni."

"Na ukanyamaza?"

"Nilikuwa nakungoja wewe." Hakunitazama. "Na yule dada yako kule juu naye anangoja. Sasa ama uzime, ama upande. Mimi nimechoka."

Nilichapisha ule mstari, nikapanda ghorofa nne kwa ngazi bila kungoja lifti. Ilikuwa saa nane kasoro dakika kumi. Kamati ilikuwa watu watatu na jagi la maji. Dada alikuwa ameshaandika na kutia saini: nilisikia, nikapuuza. Niliweka karatasi yangu juu ya yake nikaeleza yote, na yale ya jikoni pia. Mwenyekiti aliisoma mara mbili.

"Karatasi zote mbili zinaingia kwenye faili," alisema. "Yake ameisaini mwenyewe. Tutaona ipi ina uzito."

"Lakini si kweli, mheshimiwa. Aliandika kwa sababu yangu."

"Nimesema tutaona."

Nikamgeukia dada. Sikuona hasira usoni mwake, na hilo lilinitisha zaidi. Alinitazama kama anavyotazama mgonjwa asiyemjua.

"Mke wa mwalimu yuko nje," alisema. "Tangu asubuhi anauliza ilikuwaje. Nimemwambia ni mimi. Nenda kamwambie ni nani."

Kwenye korido palikuwa na benchi moja. Mama mmoja alikaa hapo, viatu vya mumewe ndani ya mfuko wa nailoni magotini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba," akaitikia, akasogea kunipa nafasi ya kukaa.