Ngoja Wanishone Kwanza

"Machozi yaache huku," daktari Rautio aliniambia mlangoni, akanishika mkono nisiingie kabla sijayafuta. Ndani alikuwa amelala mume wangu, Tauno, na mshipa mkuu unaotoka moyoni mwake ulikuwa umechanika. Chini, mochwari, alikuwa amelala mwanetu wa pekee, Jouni.

Asubuhi hiyo wote wawili walikuwa wakirudi kutoka kumtazama bibi yake Jouni. Kulungu dume wa huku kwetu kaskazini, mkubwa kuliko farasi, alitokea msituni akasimama katikati ya barabara yenye barafu. Gari lilimgonga likasimama ghafla, lakini moyo wa Tauno, kama alivyonieleza daktari, ulitaka kuendelea na safari. Matabaka ya ndani ya mshipa yakapasuka. Damu ikabaki imezuiwa na utando wa nje tu, mwembamba kama ganda la kitunguu. Mpasuaji wa kuushona alikuwa Helsinki, na theluji ilikuwa imefunga uwanja wa ndege. Mpaka afike, presha ya Tauno ilipaswa kubaki chini. Asishtuke, asikasirike, asilie. Yaani asiambiwe.

Nikaingia. Nilimchukia yule kulungu, niliichukia theluji, nikamchukia hata daktari kwa utulivu wake.

"Jouni yuko wapi?" Tauno aliuliza.

"Wadi nyingine. Amelala."

Ningeishia hapo. Sisi watu wa kaskazini hatuna maneno ya kupoteza. Mimi na Tauno tungeweza kumaliza birika zima la kahawa kimya, na hakuna aliyedhani mwenzake amenuna. Mama mkwe alikuwa akisema tulioana ili tupumzike na kelele za watu. Lakini siku ile nilikiogopa kimya, nikaona kitanichongea. Basi nikaongea. Nikamsimulia mbwa wa jirani aliyemeza soksi, jiko la sauna yetu ya kuogea mvuke linalotoa moshi, binamu yangu anayetaka kuolewa tena uzeeni. Ulimi hauna mfupa. Wangu ulikwenda mbio, na mwisho nikacheka.

Tauno alinitazama.

"Kaisu, tangu lini umekuwa mwongeaji?"

Namba za presha kwenye mashine zilianza kupanda. Muuguzi akaingia haraka, akaongeza dawa kwenye mrija. Nilidhani nimemuua kwa mdomo wangu, nikatamani ardhi inimeze.

Tauno alifumba macho. Akavuta pumzi polepole, akaitoa polepole, kama mtu aliyebeba ndoo iliyojaa pomoni.

"Usiniambie," alisema. "Nikisikia nitalia, na nikilia utazika wawili. Ngoja wanishone kwanza."

Tukangoja mchana kutwa. Alikuwa anajua, nami nilijua kwamba anajua, na mikono yetu ilishikana mpaka ikatoka jasho. Sijawahi kumpenda mtu hivyo, wala kumwonea uchungu hivyo. Mara moja tu chozi lilimponyoka. Nililifuta upesi kabla muuguzi hajaliona, kama mwizi anayeficha alichoiba.

Mpasuaji alifika jioni, theluji ingali mabegani. Aliniambia ataubana mshipa, akate palipochanika, kisha ashone bomba la kitambaa mahali pake. Wakati umebanwa, uti wa mgongo unakosa damu, na akichelewa Tauno huenda asitembee tena. Nikamjibu anirudishie mume wangu hata bila miguu.

Tauno alipozinduka, vidole vya miguu vilicheza. Mpira wa kupumulia ulipotolewa kooni, mpasuaji aliniita kando.

"Mshipa sasa utahimili," alisema. "Mwambie."

Niliketi ukingoni mwa kitanda. Maneno nilikuwa nimeyapanga, nimeyarudiarudia korido nzima. Tauno alinigeuzia uso, akasubiri. Nikafungua mdomo, nikaufunga. Nikanyamaza, kama tulivyozoea nyumbani, naye akaanza kulia.