Laptopu ya Kuombea Radhi

Kununa kuna mabingwa wake, jamani, na mke wa seremala angestahili kombe. Hakupiga kelele. Hakususa kupika, wala hakurudi kwao. Alimnyima maneno tu. Wiki ya pili sasa alikuwa haongei na mumewe, anaongea na vyombo. "Sufuria wewe," husema, "ukimwona mtu ana njaa, mwambie chakula kiko mezani." Na seremala, mtu mzima na ndevu zake, humjibu sufuria: "Mwambie asante."

Chanzo chake kilikuwa ulimi. Mke, ambaye ni nesi, alipata nafasi ya kwenda kusomea ukunga mji mwingine, mwaka mzima. Siku aliyopigiwa simu, dada zake walikuja mbio, majirani wakajaa sebuleni, vigelegele mpaka mtaa wa pili. Seremala alikuwa na furaha kuwashinda wote, ila hakuwa na mazoea ya kuitoa. Watu walipomgeukia aseme lolote, akafungua mdomo: "Sasa huku nani atanipikia?" Watu wakaangua kicheko. Mkewe hakucheka. Wahenga walishasema, heri kujikwaa guu kuliko kujikwaa ulimi.

Angesema samahani jioni ileile, akalala usingizi wake. Lakini bwana huyu hajui kuomba radhi kwa maneno, anajua kwa mbao. Alipogombana na mama yake, alimtengenezea kitanda. Alipomkosea mkewe miaka ya nyuma, alimtengenezea kabati, na ukihesabu makabati ya nyumba ile utaijua historia ya ndoa yao. Safari hii akawaza: mwanafunzi hataki kabati, anataka laptopu. Nitampa laptopu, nayo itanisemea.

Akaenda kwa muuza vitu vilivyotumika, mtu mwenye maneno matamu, naye akamwekea filamu kwenye laptopu moja. Sasa sikilizeni. Huyu ni mtu ambaye hanunui kiti bila kukikalia, wala meza bila kuiegemea kwa kiwiko. Laptopu aliijaribu kwa kutazama filamu mpaka mwisho, na penye huzuni akafuta machozi. Kitufe hata kimoja hakukibonyeza. Huwezi kusema aliuziwa mbuzi kwenye gunia. Gunia lilikuwa wazi kabisa, yeye akasifu pembe.

Mkewe alipoifungua nyumbani, uso ulilegea kidogo, na seremala akaanza kupumua. Kisha mke akabonyeza. Nusu ya vitufe vilikuwa bubu. Kile kirefu cha nafasi kilizama kisirudi. Na herufi moja ikaanza kujiandika yenyewe, mstari baada ya mstari, mithili ya mtu aliyepandwa na mashetani. Mke akaifunga taratibu, akamgeukia birika.

"Birika, umeona? Kuna watu hata zawadi zao hazisikii."

Muuzaji naye, akipigiwa simu, hapatikani. Basi seremala akazunguka madukani mpaka akapata kibodi nyingine ya aina ileile, akaazima bisibisi ndogo kwa fundi saa, jirani yao wa ukuta mmoja. "Toa betri kwanza," fundi saa akamwonya. "Na usilazimishe kitu. Huo si mlango."

Ndiyo hapo tulipo: Jumamosi alasiri, seremala ameinamia meza ya sebuleni, mkewe yuko upande wa pili anapanga nguo kwenye begi, na basi linaondoka kesho asubuhi. Seremala alijua kabisa kwamba mwanamke huyu akipanda basi na mnuno wake, mnuno huo utakaa huko mwaka mzima, ule, unenepe. Alitaka neno moja tu kabla ya hapo. Hata tusi angelipokea kwa mikono miwili.

Akaigeuza laptopu, akatoa betri, akafungua skrubu moja moja, na kwa mazoea ya karakana kila aliyoitoa akaibana midomoni. Akainyanyua kibodi ile mbovu. Chini yake kulikuwa na utepe mwembamba uliochomekwa mahali pake na kushikwa na kikufuli cha plastiki kisichozidi ukucha wa mtoto. Kidole cha seremala kilipofika pale, kikufuli hakikuonekana tena, utepe haukuonekana, hata laptopu yenyewe ilipungua. Akajaribu kwa bisibisi, ikateleza. Jasho likaanza kumtoka.

Upande wa pili, gauni moja lilikunjwa, likakunjuliwa, likakunjwa tena.

"Begi," mke akasema, "mwambie mtu huyo atakata utepe."

"Mm-mm," akajibu seremala, skrubu mdomoni.

"Begi, anasema nini?"

"Mmh! Mm-mm-mm!"

Mke akaguna, akaja, akavuta kiti. Huyu ni mtu wa kutafuta mishipa kwenye mikono ya watoto wachanga wanaorusha mateke. Mume akaishika kibodi wima, mke akapitisha ukucha chini ya kikufuli, tik, utepe ukaachia. Wakaleta kibodi mpya, mume akashika, mke akachomeka. Vichwa vyao vilikaribia kugongana. Seremala alisikia harufu ya sabuni ya mkewe, na moyo ukamuuma kwa raha. Akamwomba Mungu laptopu ile iwe na kibodi nyingine kumi chini yake.

Mke akanyoosha kiganja bila kutazama, kama wafanyavyo chumba cha upasuaji. Mume akatema skrubu. Mke akaitazama skrubu iliyolowa mate, akaifutia kwenye shati la mwenye mate, akaifunga. Wakaendelea hivyo hadi ya mwisho. Neno hakuna.

Betri ikarudi, kioo kikawaka. Vitufe vyote vikaitika. Hapo seremala akaona mlango umefunguka: akavuta laptopu upande wake na, kwa kidole kimoja, akaanza kuwinda herufi. Alichukua muda, tena akitoa ulimi nje kwa bidii. Kisha akaigeuza laptopu, kifua mbele. Kiooni palisomeka: SAMAHANI MKE WANGU.

Mke akasoma. Akarudia kusoma.

"Kibodi imepona," akasema. Kisha akamtazama yeye, si birika, si begi. "Mdomo je?"

Seremala akapapasa mezani akitafuta hata skrubu moja ya kubana midomoni. Hakuna. 

"Samahani," akasema. "Lile neno halikuwa la chakula. Niliogopa. Nilitaka kusema najivunia wewe, likakwama, likatoka la tumbo. Nitakukosa mpaka nitaongea na sufuria peke yangu."

Machozi yakamlengalenga mke. Akayafuta kwa upindo wa kanga, na seremala akadhani mambo yamekwisha. Thubutu!

"Maneno mazuri," mke akasema. "Lakini kuniaibisha uliniaibisha mbele ya kadamnasi. Radhi unaniomba tukiwa wawili tu?" Akachukua simu, akampigia dada yake mkubwa, akaongeza sauti, akaiweka mezani. "Dada, shemeji yako ana neno."

"Samahani, shemeji," seremala akanong'ona. "Siku ile nilisema upuuzi."

"Sikusikii!" shemeji akapiga ukelele kutoka simuni. "Siku ile sauti ulikuwa nayo!"

Seremala akasimama. Masikio yalikuwa yakiwaka moto. Akajaza mapafu, akasema kwa sauti ya kumwita mtu ng'ambo ya mto: "Nilikosea! Mke wangu anakwenda kuwa mkunga, na mimi najivunia! Kupika nitajifunza!"

"Tumesikia!" fundi saa akajibu kutoka upande wa pili wa ukuta. "Na bisibisi yangu irudi!"

Mke akacheka. Alicheka hadi akashika meza, shemeji naye akawa anacheka huko aliko. Seremala alibaki amesimama katikati ya sebule, mikono hajui aiweke wapi. Kisha mkewe akakata simu, akajifuta machozi, akalisukuma begi kwake kwa mguu.

"Mume wangu," akasema, "hebu nifungie zipu hii."

"Naam," akajibu. Kisha akajibu tena, "Naam," ingawa alikuwa ameitwa mara moja tu.