Kanisa Lililopona Nyawera

Mume wangu, Profesa Adalbert, anapenda magofu. Wanaume wengine wa Bukavu wanapenda mpira au bia, na wake zao wanajua pa kuwatafuta. Wangu alirudi kutoka masomoni Ujerumani na ukurasa wa kalenda: picha ya monasteri ya kale iliyoanguka, umebaki ukuta mmoja wenye dirisha lisilo na kioo, miti imekauka, theluji kila mahali, na chini watawa wamebeba jeneza. Akaitundika sebuleni, juu ya kiti chake. Wageni wakiingia wananipa pole, halafu wanauliza ni parokia gani hiyo, na kama ilikuwa tetemeko au vita.

Mimi ningekuwa nimeichoma zamani. Lakini picha hiyo ndiyo iliyokuwa inaamua ndoa ya binti yetu Laurette. Kila kijana aliyekuja kumposa alisimamishwa mbele yake na kuulizwa anaona nini. Wa kwanza alisema anaona uzembe wa kamati ya parokia. Wa pili, mtoto wa watu wenye heshima zao, aliuliza kama kile kiwanja kinauzwa. Wote wawili walisindikizwa hadi barabarani kwa upole mkubwa, na Laurette akabaki kuosha glasi. Baba yake alisema hawana macho.

Fabien alikuwa wa tatu, na safari hii mwanangu alikuwa amependa kweli. Aliniambia jikoni, bila kupepesa, kwamba baba yake akimkataa na huyu, ataenda kuishi naye bila baraka ya mtu. Nilikosa usingizi. Kalenda yenyewe ilikuwa imeoza kwa unyevu, anga limeota ukungu mweusi. Basi tukapanga sisi watatu: Laurette aipige picha kwa simu, Fabien aipeleke kwa mchoraji, na siku ya familia kukutana alete nakala kubwa ya rangi ya mafuta, imsafishie njia. Mchoraji alikuwa Guylain wa mtaa wa Nyawera, karibu na kituo cha pikipiki, ambaye mji mzima unasifu mkono wake. Fabien aliichukua asubuhi ya siku yenyewe, imefungwa kwa shuka. Guylain alimkataza kuifungua njiani, maana rangi ilikuwa bado mbichi na vumbi la Nyawera halina adabu.

Familia ya Fabien ilishuka kutoka Mwenga, wachimba dhahabu, viatu vinang'aa. Baba yake, Papa Jean-Claude, alikaa kwenye ukingo wa kiti kwa kuogopa kukichafua. Adalbert alikuwa na sura yake ya mtihani wa mdomo. Fabien akafungua shuka.

Kanisa lilikuwa limepona. Sijui niseme vipi vinginevyo. Kuta zote nne zilikuwa zimesimama, zimepakwa chokaa. Juu kulikuwa na bati jipya, pamoja na mfereji wa kukingia maji ya mvua. Dirishani kulikuwa na vioo, na pazia. Theluji ilikuwa imefagiliwa, miti imezaa maparachichi, na watawa, wote wamenenepa, walikuwa wamebeba benchi refu badala ya jeneza.

Papa Jean-Claude ndiye aliyesema kwanza. Alisogea, akagusa bati, kidole kikatoka na rangi. Akasema kwa heshima zote kwamba hiyo ndiyo kazi, na kwamba kama wakwe wanakubali, harusi ifanyike humo humo.

Nilitamani sakafu inimeze. Laurette alisimama mlangoni na trei, haingii, hatoki. Adalbert aliisogelea picha, akaikagua kona kwa kona. Mwishowe akamwomba Fabien, kwa Kifaransa, dalili mbaya, ampigie mchoraji simu na kuweka sauti wote tusikie.

Guylain hakujua hata kama kuna tatizo.

"Papa, ile kanisa ilikuwa mugonjwa sana," alisema. "Batu bananiletea foto ya mutu wao mwenye alikufa, amekonda, macho imeingia ndani. Mi namurudishia mashavu, namuvalisha veste na tai. Hakuna famille yenye iliniambia nimuache vile. Njo nikasema hata hii, benye kanisa batafurahi."

Mtandao ukakatika. Fabien alianza kuomba msamaha, akaahidi kwamba kanisa lote litabomolewa upya wiki hiyo hiyo. Adalbert aliinuka katikati ya maneno yake, akaenda chumbani. Nilisikia kabati likifunguliwa, nikajua basi, ndoa imekwisha.

Alirudi na bahasha. Ndani yake mlikuwa na picha ndogo ya mama yake kwenye kitanda cha hospitali, siku zake za mwisho, mdomo wazi, mifupa mitupu. Hakuwa na picha yake nyingine. Haikuwahi kutundikwa ukutani, na mimi mwenyewe sikujua kama bado anayo. Nilimwonea huruma mume wangu, nikaona haya kwa miaka yote niliyomcheka na magofu yake.

"Mupelekee," alimwambia Fabien. "Aanze na mashavu. Na amuvalishe kitenge yake ya kijani, ile ya ndege. Kiisha mukuje tupange siku ya harusi."

Laurette aliweka trei sakafuni, akalia. Papa Jean-Claude aliuliza kama ni harusi ya humo kanisani.

Fabien alinigeukia, akauliza ndege hao walikuwa wa namna gani. Sasa, kitenge kile kilikuwa changu. Mama mkwe alikiazima kwangu kwa misa moja tu, akaenda nacho kijijini kwake Miti, akazikwa nacho, na nimekinung'unikia mpaka leo. Nilifungua mdomo ili hatimaye niseme ukweli mbele ya wote.

"Hirondelle, mbayuwayu," nikasema. "Mukia yenye kupasuka, na dhahabu kidogo kwa mabawa. Ilikuwa inamupendeza sana."