Koplo Aliyezalisha Ng'ombe

Njia nzima kutoka Somanda hadi Mwanhuzi, Ngassa alijitetea mbele ya migunga, na migunga yote ilimwachia huru. Tatizo lilikuwa baba mkwe.

Mzee Mahona alimrudisha nyumbani binti yake, Nyanjige, mara tu habari zilipofika kwamba mumewe, askari wa Keya, jeshi la Mwingereza, amefungwa na jeshi huko Kenya alikopelekwa kupigana na Mau Mau. Sasa kifungo kimekwisha, utepe wa ukoplo umeng'olewa, na Ngassa amekuja kuomba arudishiwe mkewe. Alivaa suruali ya jeshi. Ndicho kitu pekee cha jeshi ambacho hakikumkana, na hata hicho kilikuwa kimechanika makalioni.

Baada ya salamu, mwangaluka kwa mwangaluka, mzee alimpa kigoda, akamwambia aeleze na asifupishe. Nyanjige alikaa mlangoni akipepeta mtama.

Ngassa akaeleza. Alikuwa na zamu ya lindo, mchana kweupe, langoni mwa kambi. Ng'ambo ya seng'enge, katika shamba la mzungu, mtamba alikuwa akizaa na ndama amekwama. Ngassa akaegemeza bunduki kwenye nguzo, akaruka waya, akazamisha mkono hadi kwapani. Ofisa wa zamu akamkuta hivyo, hata kumpigia saluti Ngassa akashindwa. Katika majeshi yote ya Malkia, Ngassa alisema, ni yeye peke yake aliyetekwa na ng'ombe. Mahakama ya kijeshi ilimwambia ashukuru, maana katika vita vya zamani mlinzi aliyeacha lindo alipigwa risasi.

Nyanjige aliinamia ungo, mabega yakitikisika kwa kicheko. Ngassa akapata moyo.

"Ndama alipona?" aliuliza mzee.

"Alipona, baba. Jike."

Mzee akaitikia kwa kichwa, na Ngassa akajiona tayari yuko njiani na mkewe.

"Na kambini kulikuwa na nani?"

"Wenzangu. Walikuwa wamelala. Walirudi alfajiri kutoka msituni."

"Walilala kwa sababu wewe ulikuwa macho."

Kifungoni Ngassa alikuwa amebishana kichwani na ofisa, na sheria, hata na yule mtamba. Wale waliolala hawakumjia akilini hata mara moja. Alidhani ameshamaliza aina zote za ujinga. Kumbe ilibaki moja, tena kubwa.

"Wazungu walikufunga kwa ajili ya bunduki," mzee alisema. "Mimi bunduki siijui. Lakini anayewaachia fisi kundi zima ili amwokoe mmoja, kwetu hapewi tena fimbo ya kuchungia. Nimpe mke?"

"Mimi nisingempa, baba."

Jibu hilo lilimtoka kabla hajalipima, na lilimuuma kuliko hukumu ya mahakama. Mzee akanyoosha kidole kuelekea zizini.

"Baki hapa, uchunge ng'ombe wangu. Siku nitakapoweza kulala mchana wakiwa mikononi mwako, utaondoka na mkeo."

Nyanjige alisema tangu azaliwe hajawahi kumwona baba yake akilala mchana. Mzee alijibu kwamba atajifunza.

Kesho yake ng'ombe walikuwa bondeni, na Ngassa kasimama wima kama yuko gwaride, hathubutu hata kuketi. Nyanjige alimletea maziwa ya mgando, akamwambia baba amejilaza kivulini juu ya ngozi.

"Amelala?"

"Amefumba jicho moja."