Kilo Tatu za Kreti Namba Kumi na Nne

Barua ilisomwa Jumanne asubuhi kwenye banda la kupokelea maharage, kabla hata mizani haijafunuliwa. Aliyeisoma ni Bwana Pampu mwenyewe, kwa sababu katika kikundi kile cha wakulima ishirini na wawili, mambo ya karatasi yalikuwa yake. Alianza kwa sauti ya kujiamini kama kawaida yake, mpaka alipofika mstari wa nne. Hapo akapunguza sauti. Maabara ya mnunuzi ilikuwa imekuta sumu iliyopigwa marufuku ndani ya maharage machanga ya kreti namba kumi na nne.

Kila mkulima alikuwa na namba yake, na namba kumi na nne alikuwa mama mkwe wake.

Watu walicheka kwanza. Haki ya Mungu walicheka, maana mama yule na sumu wapi na wapi? Ndiye aliyekuwa akiamkia shambani na kopo la maji ya sabuni, anaokota kiwavi kimoja kimoja kwa vidole huku akivitukana. Dawa aliyoiamini ni majivu na pilipili. Mzee mmoja akasema labda viwavi vimechoka kutukanwa, vimeamua kumshtaki. Lakini barua haikuwa na mzaha. Ndani ya siku saba kikundi kieleze sumu imetoka wapi na kimwondoe aliyehusika, la sivyo wote ishirini na wawili watanyang'anywa cheti cha kuuza, na bila cheti hicho gari la mnunuzi halitakanyaga pale tena. Samaki mmoja akioza, wote wameoza. Na mama mkwe akiondolewa, hana pengine pa kuyauza yale maharage. Shamba lake ndilo jiko lake.

Yeye hakucheka. "Soma tena hiyo namba, baba," akasema.

Bwana Pampu akasoma tena. Namba ilikuwa ileile.

Sasa tuseme ukweli, maana pale bandani aliyeujua alikuwa mtu mmoja tu, na ndiye aliyeishika barua. Jina la Bwana Pampu hakupewa bure. Kikundi kilimpeleka mafunzoni, akarudi na ovaroli mpya na cheti cha kutundika ukutani, na tangu siku hiyo ndiye aliyewapulizia wote mashamba kwa pampu ya mgongoni. Yeye ndiye aliyewafundisha habari ya siku za kusubiri: ukipuliza dawa leo, usichume mpaka siku zake zitimie. Mwalimu mzima.

Msimu huo vidudu vya maua vikaingia shambani kwake. Ni vidogo kama vumbi, lakini vikishafyonza tunda changa linabaki na kovu, na mnunuzi hataki kovu. Hapo ndipo kilipo kichekesho cha biashara hii, kwa mwenye nguvu za kucheka. Haragwe lenye kovu linatupwa. Haragwe lenye sumu linatupwa. Na ile dawa inayoua kidudu bila kuacha sumu, kichupa kimoja kinameza mauzo ya wiki mbili. Mnunuzi anataka usafi, lakini gharama ya usafi anamwachia mkulima, halafu anatuma mtu na kalamu aje kuulizia.

Basi Bwana Pampu akaenda gulioni kwa muuza dawa wa mezani, akanunua chupa isiyo na karatasi ya maelezo. "Hii inaua mpaka wasiwasi," muuzaji alimwambia. Akapuliza sehemu ya juu ya shamba peke yake, Jumamosi mchana, jua kali, watu wamejilaza majumbani. Kwenye daftari la dawa hakuandika kitu. Alijiwekea sharti kwamba ya juu hayachumwi, yatakomaa yawe mbegu. Na kweli, Jumatatu alichuma ya chini tu, kreti zake zikapimwa, zikabandikwa stika yake, namba tisa, zikapakiwa.

Ndipo mama mkwe akafika na kreti yake imepungua kilo tatu. Kreti isiyojaa haipokelewi, na gari lilikuwa linanguruma. Sasa, kwenye kikundi kile kulikuwa na jambo ambalo halikuandikwa popote, na masharti ya mnunuzi yalilikataza kabisa, lakini kila mtu alilifanya: kujaziana. Ya mwenzako ikipungua unamwongezea ya kwako, kesho na wewe utaongezewa. Na mkwe gani angeiacha kreti ya mama mkwe wake irudishwe mbele za watu?

Alikimbia shambani. Ya chini yalikuwa yamekwisha. Akasimama mbele ya yale ya juu, yamenyooka, mazuri, hayana kovu hata moja. Alisimama kama dakika nzima, na dakika hiyo ndiyo iliyokuja kumtafuna, kwa sababu hawezi kusema hakujua. Alijua. Akajiambia, kilo tatu ndani ya kreti nzima, nani ataona? Akachuma.

"Mungu akuzidishie, baba," mama mkwe alimwambia huku akibandika stika yake. "Binti yangu hakukosea."

Hiyo ilikuwa wiki mbili kabla ya barua.

Jumanne ile alipotoka bandani alijiapiza kwamba atasema kesho. Si leo, watu wamepandwa na hasira, kesho. Akikiri, nani atakubali tena apulize shamba lake? Na mkewe atamweleza nini? Kesho yake mkaguzi wa mnunuzi akaja. Alikuwa kijana mpole mwenye viatu visafi, akaipekua nyumba ya mama mkwe kuanzia ghalani mpaka uvunguni mwa kitanda. Bwana Pampu alimfuata nyuma amembebea faili. Mama mkwe akatoa kopo lake la majivu, akaomba linuswe. Mkaguzi akanusa, akapiga chafya, akaomba daftari la dawa. Mama mkwe hakujua kuandika, kwa hiyo kila mstari wa daftari lile ulikuwa mkono wa Bwana Pampu.

"Mwandiko safi sana," mkaguzi akamsifu.

Heri angetukanwa. Alitamani ardhi ipasuke immeze na faili lake.

Alhamisi hakusema. Ijumaa alifika mpaka mlangoni kwa mwenyekiti, akaishia kumwomba jembe ambalo hakulihitaji. Usiku halali, chakula hakipiti, mkewe akidhani ni uchungu wa mama mkwe, akawa anamhurumia. Huruma ile ilimchoma kuliko ugomvi.

Jumapili mkewe akamwambia, "Mama hataki kumshika mtoto wetu niliyemwacha kwake. Nenda ukamsikilize, labda wewe atakuambia."

Alimkuta nyuma ya nyumba, amechuchumaa mbele ya beseni, anasugua mikono kwa majivu na brashi ya kufulia. Vidole vimebabuka, vimekuwa vyekundu. Mjukuu wake wa mwaka mmoja na nusu alikuwa amesimama kizingitini analia, amemnyooshea mikono.

"Mwondoe hapo, baba," mama mkwe akasema bila kuinua macho. "Asinisogelee. Sijui mikono yangu ina nini."

"Mama, mikono yako haina kitu."

"Mashine imesema. Mashine haina ugomvi na mimi." Akazamisha mikono tena. "Nimewaza mpaka nimechoka. Mwaka jana nilipuliza dawa ya kunguni chumbani. Labda imenishika. Labda ndiyo niliyowalisha watu. Na huyu mtoto nimemlisha kwa vidole hivi hivi."

Kikulacho ki nguoni mwako. Mama yule alikuwa amekitafuta uvunguni, ghalani, kwenye mikono yake mwenyewe, kila mahali isipokuwa kwenye nguo. Na nguo ilikuwa imesimama mbele yake. Bwana Pampu akafungua kinywa. Yakatoka maneno ya kwamba atamletea mafuta ya kupaka vidole. Akambeba mtoto, akaondoka, na njia nzima alijiona mtu mdogo, mdogo kuliko vile vidudu vyake vya vumbi.

Siku ya saba wote walikaa bandani. Mkaguzi alikuwa mezani na karatasi zake. Mwenyekiti akauliza kama kuna mwenye neno, na mama mkwe akasimama, mikono ameificha ndani ya khanga.

"Sitaki ishirini na mmoja wafe njaa kwa ajili yangu," akasema. "Sijui nilikosea wapi, lakini kama maabara inasema ni mimi..."

"Si yeye." Bwana Pampu alikuwa amesimama kabla hajajijua. "Sumu ni yangu. Niliinunua gulioni, nikaipuliza kwangu. Kreti yake ilipungua kilo tatu, nikamjazia kwa maharage yale. Nilijua. Yeye hakujua."

Kwa mara ya kwanza katika wiki nzima alivuta pumzi ikafika chini. Alijiona amemwokoa.

Mkaguzi akaandika kidogo, kisha akauliza kwa upole uleule, "Kwa hiyo maharage ya namba tisa yaliingia kwenye kreti ya namba kumi na nne?"

"Ndiyo."

"Mama, ulijua kwamba zile kilo tatu si za shambani kwako?"

Hapo ndipo Bwana Pampu alipoona alikompeleka mama wa watu. Akageuka kutafuta msaada. Wote walikuwa wameinamisha macho, maana hakuna hata mmoja pale ambaye hajawahi kujaziwa, na hakuna aliyetaka kuulizwa.

"Nilijua," mama mkwe akajibu. "Aliniletea mbele ya macho yangu. Siwezi kusema uongo."

Kabla ya saa sita barua ya pili ilikuwa tayari. Kikundi kitabaki na cheti chake. Namba tisa ameondolewa. Namba kumi na nne ameondolewa. Watu wakatawanyika mmoja mmoja, wengine wakimpa mama mkwe mkono, yeye Bwana Pampu wakimpita kama nguzo.

Mama mkwe alimngoja nje ya banda. "Nisomee nakala yangu," akasema.

Akamsomea.

"Wapi wameandika kwamba sumu haikuwa yangu?"

Alirudia karatasi juu mpaka chini, akitafuta kitu alichojua hakipo. "Hawajaandika, mama. Wameandika umeondolewa kwa kukiuka masharti."

"Na mtu akiuliza kwa nini niliondolewa, ataonyeshwa hii."

"Ndiyo." Akachomoa kalamu mfukoni. "Lakini naweza kuandika hapa chini, kwa mkono wangu, kwamba..."

"Hapana." Akaichukua barua kwa vidole vyake vilivyobabuka. "Kilo tatu ningekusamehe leo leo, baba. Mtu hukosea. Lakini siku saba nilimkimbia mjukuu wangu kama mwenye ukoma, na wewe ukaja ukaniona, ukaniahidi mafuta. Usiniandikie tena kitu."

Aliikunja barua mara nne, akaisukuma ndani ya daftari lake la dawa alilorudishiwa na mkaguzi, akashika njia ya mbali, ile isiyopita shambani kwa mkwewe.