Kwato za Dume la Adero

Kabla hatujaingia ukumbini, nyuma ya soko la Mugumu, mke wangu Verdiana alinishika mkono wa koti.

"Mzee Machage, leo ni siku ya Adero. Ukianza hadithi za michoro yako, usiku utajipikia."

Alinijua. Tangu nistaafu udereva wa greda nachora ng'ombe kwenye mabati chakavu, na sifa zao nazitoa mwenyewe. Yule niliyemchora mlangoni kwangu kule Ringwani, kupe walitoka majanini wakampanda, ikabidi ning'oe mlango mzima niupeleke joshoni. Anayebisha awaulize kupe. Lakini msanii akienda kwenye maonyesho ya mwenzake, adabu ni kuacha ng'ombe wake nyumbani.

Adero alikuwa binti wa Tarime, na hayo yalikuwa maonyesho yake ya kwanza. Kuta zote alizijaza ng'ombe, isipokuwa mchoro mmoja tu wa mto. Wafugaji walikuja wengi. Wakazunguka mikono nyuma, kimya, wakisimama, wakisogea. Hakuna aliyefungua mdomo.

Mchana Adero akanijia, macho mekundu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba binti. Mbona hivyo?"

"Nashusha michoro, narudi Tarime. Watu wanapita kama wanaaga maiti! Hata 'hongera' hakuna."

Nikajikaza nisicheke. "Binti, huku kwetu ng'ombe wa mtu husifii kwa sauti, wala huhesabu. Kesho akiugua, watasema jicho lako ndilo lililomla. Hawa wameingia hapa kama wanavyoingia zizi la jirani. Wanakuheshimu."

"Mzee, hii ni rangi na turubai. Itaugua nini?"

Kabla sijajibu, akatusogelea mzee Mogesi, mfugaji tuliyekua naye. Muda wote alikuwa amesimama mbele ya mchoro mkubwa wa dume jeusi lenye baka kwenye paji la uso.

"Binti," akasema kwa ukali, "yule dume kwato za nyuma zimerefuka. Zikatwe. Mwisho atachechemea."

Adero akanigeukia. "Hiyo ndiyo heshima, mzee?" Akavuta stuli, akapanda, akashika mchoro wa kwanza karibu na mlango.

Hapo ulimi ukaniwasha. Nilitaka kumsimulia mambo yangu yote, nimwonyeshe kwamba hata mimi nimewahi kusemwa. Verdiana akanitazama tu. Nikameza. Nikamwuliza Mogesi:

"Mura, mwenzangu, na ule wa mto unauonaje?"

"Picha nzuri," akasema bila kugeuza kichwa. "Nzuri sana. Hongera zake."

Kisha akarudi kwa dume lake, akainama mpaka kofia ikakaribia kugusa turubai, akazikagua zile kwato tena huku akiguna.

Adero alibaki juu ya stuli, mkono kwenye fremu. Alimtazama Mogesi, akautazama mto wake, akamtazama Mogesi tena. Taratibu akaachia fremu.

"Mzee," akamwita, "ni kweli zilikuwa ndefu. Nilimkuta hivyo Itiryo."

"Na mwenyewe anangoja nini?"

"Alisema atazikata mvua zikiisha."

"Wavivu wote husema hivyo!" Mogesi akapekua kuta kwa macho. "Mama yake ni yupi hapa?"

"Hayupo. Sijamchora."

"Sasa dume bila mama nitamjuaje? Utampima mtoto wa watu hujui alikonyonya?"

Wazee wengine waliposikia lawama zimefunguliwa, wakasogea. Mmoja akasema ndama wa kona ile hashibi, anaonewa. Mwingine akataka kujua ni nani aliyemvunja pembe yule mwekundu, na kama kesi ilisikilizwa. Adero akashuka, akawa anajibu huku na kule, mara anacheka, mara anabisha.

"Kesi ipo, mzee, aliyemvunja ni mwenzake, kisimani!"

"Basi mchore na huyo mkosaji tumwone. Na mama wa dume usimsahau."

"Nitawaleta wote."

Akapenya katikati yao mpaka alipokuwa mke wangu.

"Mama, nitapata wapi pa kulala? Maonyesho yanaendelea kesho."

"Kwetu, mwanangu," Verdiana akajibu, kabla mimi sijafungua mdomo.