Safu ya Kabla, Safu ya Sasa

Samaki mkunje angali mkavu. Najua methali inavyosemwa; niliikariri shuleni kama wenzangu. Lakini baba yangu alikunjika akiwa na miaka sitini na mmoja, mkavu kabisa, baada ya kuanguka kutoka juu ya paa alipokuwa akifunga tangi la maji.

Alikuwa fundi bomba, na mtaa mzima ulimwita Koki. Jina halikutokana na kazi yake. Maneno yalimtoka tone kwa tone, tena ya baridi. Mimi aliniita "wewe". Nilipokuwa na miaka kumi na miwili nilishinda shindano la insha, nikakimbia nyumbani na daftari kumwonyesha. Alichana kurasa mbili, akazipapasa kuona kama ni imara, akafutia grisi kwenye spana.

"Maneno hayazibi bomba," akasema.

Siku hiyo hakunipiga. Siku nyingine alipiga.

Nilipokua nikasoma diploma ya saikolojia, na sitaki kudanganya: niliichagua kwa ajili yake. Muhula wa pili tulifundishwa nadharia za haiba, yaani kile kinachomfanya mtu awe yeye na asiwe jirani yake. Mkufunzi alichora vyumba vinne ubaoni. Cha kwanza: mtu ni yale aliyoyazika utotoni, yanayoendelea kupiga hodi kutoka chini ya sakafu. Cha pili: mtu ni hulka alizozaliwa nazo, unaweza kuzipima kama unavyopima kimo, na ukubwani hazisogei sana. Cha tatu: mtu ni yale aliyosifiwa na yale aliyochapiwa. Cha nne: mtu ni mbegu, mpende bila masharti, atachipua. Nilimwingiza baba katika kila chumba. Kila kimoja kilimtosha kwa kiasi, lakini mkono ulibaki nje, au mguu. Mtihani nilifaulu. Baba sikumwelewa.

Kisha akaanguka. Alilazwa siku mbili, wakampiga picha ya kichwa, wakasema hakuna kitu, wakamruhusu. Wiki ya tatu koki ikafunguka.

Nilikuwa nakunja nguo sebuleni. "Mwanangu," alisema, "hebu keti."

Niligeuka nyuma kutazama anayeitwa.

"Bado unaandika?"

"Naandika, baba."

"Nisomee."

Nilimsomea hadithi yangu fupi, kama niko mbele ya mtahini. Alicheka palipostahili kicheko, na mwishoni akafuta macho kwa kiganja chenye makovu ya kazi. "Nilikuambia maneno hayazibi bomba," alisema. "Si lazima yazibe."

Mama akatokea mlango wa jikoni na mwiko mkononi. "Nani anacheka huko?"

"Mumeo."

"Mume wangu hacheki. Huyo mrudisheni mlikomtoa."

Tulicheka wote watatu. Nimeishi katika nyumba ile miaka ishirini na minne. Hiyo ndiyo mara ya kwanza.

Baada ya hapo kila siku ilileta jipya. Alimmenyea mama vitunguu huku akimtania kwamba alimwoa kwa sababu ya shingo yake. Alimsalimia jirani ambaye hawakusemezana naye miaka tisa kwa ugomvi wa mtaro. Jirani akanivuta pembeni kuniuliza kama baba anaaga. Shangazi, dada yake baba, alikuja kumjulia hali, akamsikiliza nusu saa, akashika mdomo.

"Ndiye huyu!" alisema. "Ndugu yangu alikuwa chiriku, kabla babu yenu hajamnyamazisha kwa mkanda. Nyinyi mmeishi na mwingine."

Chumba cha kwanza, nikawaza. Kilichozikwa kimetoka. Au cha nne, mbegu imechipua. Nilizipenda nadharia zangu siku zile kama mtu anavyowapenda mashahidi wa upande wake. Baba alianza kulala mchana na kujishika kichwa, na kila nilipomuuliza alisema, "Kizito tu, mwanangu. Kilibeba mengi, sasa yanatoka." Jibu hilo nalo nililipenda.

Wiki ya sita tukaenda kliniki ya marudio, baba, kaka na mimi. Kaka yangu mkubwa ni dereva wa lori. Huwa nyumbani siku mbili kwa mwezi, na njia nzima baba alipokuwa akiimba yeye alitazama dirishani. Nesi alitupa fomu ya kujazwa na ndugu wa karibu. Mistari thelathini, safu mbili: Kabla na Sasa. Hucheka kwa urahisi. Huwaonea wengine huruma. Hulala mchana. Kila mstari alama moja hadi tano.

"Jaza wewe, msomi," kaka alisema. "Si ndiyo kazi yako?" Akatoka nje kupokea simu.

Nesi aliinama karibu yangu. "Andika kweli, dada. Mgonjwa mwenyewe hawezi kujiona. Safu zikipishana sana, daktari anakirudisha kichwa kwenye picha. Pengine kuna kitu kinabana. Kikiondolewa, mtu hurudi kuwa kama zamani."

Kama zamani.

Baba alikuwa ameketi ubavuni mwangu kwenye benchi, ameushika mkono wangu wa kushoto, anauchezesha kidogo kidogo kufuata wimbo wake. Wa kulia ulikuwa na kalamu. Hucheka kwa urahisi. Sasa: tano. Kabla: kweli ilikuwa moja. Nikaandika tano. Huwaonea wengine huruma. Tano, tano. Nilijiambia namwandika yule mtoto aliyesimuliwa na shangazi. Kwenye "Hulala mchana" kalamu ilisita, kisha nikaandika nne pande zote mbili, ili zifanane.

Daktari alipitisha macho kwenye safu, akatabasamu. "Mzee wenu ni mcheshi tangu zamani, eh?"

"Tangu zamani," nikasema.

Siku ya kumi na tisa baada ya kliniki, asubuhi, baba alikuwa uani anabadilisha koki iliyochakaa. Alininyooshea mkono. "Nipe ile... nipe kile..." Vidole vyake viliitafuta spana hewani. Nilimpa. Aliitazama kama kitu asichowahi kukiona, akaketi polepole na kuegemea ukuta. Hakuinuka tena.

Ilikuwa damu. Ilivuja taratibu kati ya fuvu na ubongo tangu alipoanguka, ikajikusanya wiki baada ya wiki. Picha ya pili ingeionyesha. Vile vyumba vinne vya ubaoni, hakuna hata kimoja kilichokuwa na damu ndani. Bomba lilikuwa linavuja kichwani mwa fundi bomba, na mimi, bintiye, nikaandika kwamba pamekauka.

Siku ya tatu baada ya mazishi tulikaa sebuleni: mama, shangazi, kaka na mimi. Kaka alikuwa na nakala ya fomu. Aliiomba hospitali mwenyewe.

"Tano," alisema. "Baba yetu? Koki? Hata jiwe lingekataa kuandika hivi!"

Nilitazama tano zangu kwenye nakala.

"Samaki mkavu akikunjwa huvunjika, msomi. Hilo hawakukufundisha?"

"Kaka..."

"Usiniite kaka. Mimi yule wa zamani alinitosha. Alinifundisha kukata bomba. Tulikuwa tunakaa kimya naye pale uani, mimi na yeye, na kile kimya kilikuwa changu. Nani alikupa ruhusa ya kunichagulia baba?"

Hapo aliniweza.

Shangazi alitazama sakafu. Mama alikunja upindo wa kanga, akaukunjua, akaukunja tena. "Mwanangu," alisema, "muombe kaka yako radhi yaishe. Neno dogo tu."

"Mama, siku zile alipokuwa akikumenyea vitunguu, ulikuwa ukilia. Ni vitunguu tu?"

Mama alifunika uso kwa kanga. Kaka aligonga meza kwa kofi. "Muache mama! Sema neno!"

Nitasema nilichokifanya, na sitapunguza. Nesi alisema kitu kinabana, hakusema kinaua. Lakini nilisoma, na nina mdomo, ningeuliza. Sikuuliza kwa sababu niliogopa jibu. Niliogopa wangefungua kichwa, watoe kile kitu, wanirudishie mwanamume anayechana daftari. Niliambiwa niandike kweli, nikamwandika baba niliyemtaka, naye akafa. Nalala nalo, naamka nalo. Jana niliokota spana uani nikashindwa kuirudisha kwenye sanduku lake.

Ila niliitwa mwanangu kwa siku arobaini na moja. Nimezihesabu. Nikisema nisamehe, nitakuwa nasema ningezirudisha, na huo utakuwa uongo wa pili.

Kaka bado alikuwa amesimama, akingoja.

"Siombi radhi," nikamwambia.